Makala Ipo, Kisanduku Kinasema Haipo

Msomaji akiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti yako, akajibiwa kwamba hakuna kilichopatikana, anaamini. Mama anayetafuta ratiba ya kliniki ya watoto hajui kwamba ukurasa ule upo, umechapishwa, na kwamba kilichomkosesha ni herufi moja tu. Ataweka simu chini na kuuliza kwa jirani, au atapanda daladala hadi hospitali kufuata jambo ambalo lilikuwa kiganjani mwake. Ndiyo maana naliona kosa la utafutaji kuwa zito kuliko picha isiyofunguka. Picha ikikosekana, msomaji anaona pengo na anaweza kulalamika. Utafutaji ukikosea haoni kitu, na wewe mwenye tovuti hupati malalamiko yoyote.

Nawaandikia wanaotunza tovuti za Kiswahili: wahariri wa magazeti, walimu waliokabidhiwa tovuti ya shule, maofisa habari wa halmashauri na kaunti, vijana wa redio za jamii. Wengi wenu mnatumia mifumo ile ile ya kusimamia maudhui, WordPress, Drupal au Joomla, na wengi mmeachiwa mfumo kama fundi alivyouacha. Maelekezo ya kurekebisha utafutaji yamejaa mtandaoni, ila karibu yote yameandikwa na watu ambao maneno ya lugha zao hubadilika mkiani. Neno la Kiswahili hubadilika zaidi kichwani. Sehemu kubwa ya shida zetu inatoka hapo, na hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu. Kabla ya kufika huko, kuna mambo machache ya kuondoa njiani.

La kwanza ni kulipata kosa kama msomaji alivyolipata. Usijaribu ukiwa umeingia kwa akaunti yako ya uhariri. Katika WordPress, makala iliyowekewa nywila haitokei katika matokeo ya mgeni ambaye hajaingia, na makala iliyowekwa kuwa ya faragha huonekana kwa wenye ruhusa peke yao. Wewe unaziona zote, mgeni haoni hata moja, na mabishano ya “mbona kwangu inatoka” yanaanzia hapo. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, au tumia simu ya mtu mwingine. Halafu mwombe aliyelalamika akutumie picha ya skrini badala ya kukusimulia, kwa sababu anaposimulia hukuambia alichokusudia kuandika. Picha itakuonyesha alichoandika hasa, pamoja na nafasi, kistari na nukta zake.

Tovuti yenye lugha mbili nayo ina mtego wake. Plagini nyingi za lugha huzuia matokeo yabaki katika lugha ya ukurasa alipo msomaji. Makala ya Kiswahili iliyohifadhiwa kimakosa chini ya lebo ya Kiingereza haitatoka kamwe kwa anayesoma upande wa Kiswahili, hata akinakili kichwa chake kizima. Angalia lebo ya lugha kabla ya kugusa kingine.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningependa kila mtunza tovuti alijue kuhusu mfumo wake. Utafutaji wa maneno una koo mbili, na dawa ya ukoo mmoja haiuponyi mwingine. Ukoo wa kwanza hauna faharasa. Ukiandika neno, mfumo unapitia maandishi yenyewe na kuuliza kama mfululizo ule wa herufi umo mahali popote, hata katikati ya neno jingine. WordPress, kama inavyokuja bila nyongeza, imo katika ukoo huu: inapitia kichwa, muhtasari na mwili wa makala. Ukoo wa pili hujenga faharasa ya maneno mapema, kama ile iliyo nyuma ya kitabu cha kiada, na msomaji akiuliza mfumo unaangalia faharasa tu. Drupal imo humo, pamoja na utafutaji janja wa Joomla, Elasticsearch, Solr, faharasa za MySQL, na plagini za WordPress kama Relevanssi zinazojenga faharasa zao zenyewe.

Kujua uko upande gani, andika kipande cha katikati ya neno ambalo una hakika limo kwenye makala. Mimi hutumia “limanj”. Makala za Kilimanjaro zikitoka, uko katika ukoo wa kwanza. Zisipotoka, na “Kilimanjaro” likiandikwa zima zinatoka, kuna faharasa mahali fulani. Kipande kiwe cha katikati kweli, kwani baadhi ya mifumo ya faharasa hukubali mwanzo wa neno au mwisho wake.

Shida ya ukoo wa kwanza ni kuleta kupita kiasi. Tafuta “mbu” kwenye tovuti ya afya iliyo katika WordPress tupu. Utapata malaria, ndiyo, lakini utapata pia mbuzi, Mbulu, kumbuka, na kila makala yenye neno kumbukumbu. Tafuta “mto” uletewe kila mtoto wa tovuti nzima. Kinachowaokoa wasomaji wako hapa ni mpangilio: WordPress hutanguliza makala ambazo neno lililotafutwa limo kwenye kichwa cha habari. Kwa hiyo kichwa “Wataalamu watoa tahadhari” kinamwacha msomaji gizani, na kichwa “Jinsi ya kuzuia mbu nyumbani wakati wa masika” kinapanda juu ya mbuzi wote. Wahariri wanaopenda vichwa vya mafumbo nawaheshimu, ila kwenye ukurasa wa huduma fumbo lina gharama, na anayeilipa ni msomaji.

Ukoo huu huu una fadhila kwa Kiswahili ambayo wengi hawaijui. Kwa kuwa unatafuta mfululizo wa herufi popote ulipo, ukiandika “tabu” unapata kitabu, vitabu, kitabuni na vitabuni kwa pamoja. Ukiandika “wanafunzi” unapata pia mwanafunzi, kwa sababu wanafunzi imo ndani ya mwanafunzi. Hali ni hiyo hiyo kwa walimu na mwalimu, wananchi na mwananchi. Kinyume chake hakifanyi kazi: anayeandika “mwalimu” hapati makala iliyotaja walimu pekee. Kama tovuti yako ina maelekezo karibu na kisanduku, mstari mmoja unaomshauri msomaji aandike wingi wa majina ya watu utamfaa sana.

Ila usiichukulie mbinu ya shina kuwa dawa ya kila kitu. Vitenzi vinaivumilia hadi irabu ya mwisho inapogeuka. “Lipa” inakamata analipa, atalipa, kulipa na walipakodi, lakini haiwezi kukamata malipo wala ulipe. Ukifupisha uandike “lip” ili uvipate vyote, unaleta alipofika, alipokuwa, walipoondoka, yaani karibu kila habari iliyowahi kuandikwa kwa wakati uliopita. “Som” itakuletea soma, somea, masomo na msomaji, ikakuongezea Somalia. Vipo pia vyeti na cheti, vyuo na chuo, meno na jino, ambavyo vikiondolewa vichwa vyake havibakizi shina la maana. Vyeti na cheti vinachangia “eti”, na ukitafuta “eti” utapata kila kitu.

Tuchukue swali moja tulifuate hadi mwisho wake. Mzazi anaandika “cheti cha kuzaliwa”. Ofisi imechapisha ukurasa mzuri wenye kichwa “Utoaji wa vyeti vya kuzaliwa”, na ndani yake wametumia wingi mwanzo hadi mwisho, kama ofisi zinavyopenda. WordPress na Drupal hutaka maneno yote ya swali yawepo. Katika WordPress, “kuzaliwa” inapatikana na “cha” huenda ikapatikana ndani ya neno jingine, lakini “cheti” haimo, basi ukurasa unaachwa. Katika mfumo wa faharasa kama wa Drupal hali ni mbaya zaidi: “cheti” haimo na “cha” haimo, yamekosekana maneno mawili kati ya matatu. Ukurasa ulikuwa jibu sahihi kabisa la swali lile, na hapakuwa na kosa la tahajia upande wowote. Ni upatanisho wa ngeli tu umefanya kazi yake.

Mtu wa Kiingereza akikutana na shida kama hii husaidiwa na kikata-mkia, programu ndogo inayoondoa viambishi vya mwisho ili umoja na wingi vikutane. Maarufu zaidi ni ile ya Martin Porter, iliyochapishwa mwaka 1980. Inakata mikia, na kwenye lugha yake inafanya kazi vizuri. Elasticsearch inakuja na vichanganuzi vya lugha zaidi ya thelathini, wamo hadi Wabaski na Wagalisia, lakini Kiswahili hakimo. Fundi akikuwekea kichanganuzi cha Kiingereza kwa sababu ndicho kilichokuwepo, kinakata mikia ya maneno yasiyohitaji kukatwa na kuviacha vichwa vilivyohitaji kushughulikiwa. Mwambie akiondoe aweke kichanganuzi cha kawaida kisichojifanya kujua lugha yoyote. Kutokujua lugha kuna madhara madogo kuliko kudhani ni lugha nyingine.

Kinyota cha mwisho wa neno nacho hakisaidii kama kinavyowasaidia wengine. “Lim*” inaleta lima, limwa na limao. Kilimo na mkulima, ambavyo ndivyo msomaji alivyotaka, vinaanza kwa herufi nyingine na haviguswi.

Dawa inayofaa kwa ofisi nyingi ni orodha ya visawe. Solr, Elasticsearch na plagini kadhaa za WordPress hukubali faili au ukurasa wa mipangilio ambapo unaandika, mstari kwa mstari, maneno yanayopaswa kuhesabiwa kuwa kitu kimoja: cheti, vyeti; chuo, vyuo; jino, meno; waraka, nyaraka; wimbo, nyimbo; malipo, lipa, ulipaji. Haihitaji kuwa kamusi. Maneno ya ngeli ya nyumba, barua, shule na ripoti hayabadiliki katika wingi, kwa hiyo yaache. Andika yale ambayo tovuti yako inaishi nayo. Tovuti ya shule haihitaji visawe vya kilimo, na mistari mia iliyochaguliwa vizuri itafanya kazi kubwa kuliko unavyotarajia.

Kwenye orodha hiyo hiyo ingiza majina mawili ya kitu kimoja. Hapa ndipo tofauti zetu za nchi na nchi zinapojitokeza. Mkenya aliyesomea Kiswahili shuleni ataandika tarakilishi na rununu, na Mtanzania ataandika kompyuta na simu ya mkononi. Wizara ya Afya ya Tanzania iliandika UVIKO-19, wasomaji wakaandika korona, na wengine Covid. Kenya, tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya taifa imehama kutoka NHIF kwenda SHA, lakini anayetafuta msaada bado anaweza kuandika jina la zamani kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye kadi yake kwa miaka. Kumwambia hakuna kitu kwa sababu jina la taasisi limebadilika ni kumwonea.

Huna plagini wala fundi? Tumia kisanduku cha muhtasari. WordPress hukipitia pia wakati wa kutafuta, na wahariri wengi hukiacha tupu. Andika humo sentensi mbili za Kiswahili safi zinazobeba umoja, wingi na jina la mtaani: “Namna ya kupata cheti cha kuzaliwa. Vyeti hivi hutolewa na wakala wa usajili, RITA, kwa watoto waliozaliwa hospitali na waliozaliwa nyumbani.” Zisomeke kama maneno ya mtu anayeongea. Rundo la maneno yaliyotenganishwa kwa koma litaonekana na msomaji kwenye orodha ya matokeo, naye atahisi anafanyiwa ulaghai.

Njia nyingine ni kukata maneno vipande vya herufi mbili au tatu na kuvijengea faharasa, ili kitabu na vitabu vikutane kwenye vipande vyao vya pamoja. MySQL ina kifaa hicho tangu toleo la 5.7. Kilitengenezwa kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea; mbili za kwanza haziachi nafasi kati ya maneno. Kinaweza kutufaa, kwa sharti moja ambalo anayelipuuza hataelewa kwa nini hapati kitu. MySQL ina orodha ya maneno ya kupuuzwa yaliyotoka Kiingereza, na ndani yake zimo “a” na “i” kama maneno kamili. Kifaa hiki hutupa kila kipande chenye neno la kupuuzwa ndani yake. Hebu fikiria Kiswahili kilichoondolewa kila kipande chenye a au i. Orodha ile lazima ifutwe kwanza, ndipo faharasa ijengwe.

Orodha hiyo ya kupuuzwa inastahili kutazamwa hata kama hutumii vipande. Lengo lake ni kuyaruka maneno yaliyo kila mahali, na kila lugha ina ya kwake. Ya kwetu ni na, ya, kwa, katika, cha, vya. Orodha za kigeni hazina haya, ila zina maneno yanayofanana na yetu. Ile ya zamani ya MySQL, inayotumika na majedwali ya MyISAM, ina zaidi ya maneno 500, na “same” ni mojawapo. Same ni wilaya mkoani Kilimanjaro. Tovuti ya habari za mkoa iliyojengwa juu ya jedwali la aina hiyo itampa mkazi wa Same ukurasa mtupu kila anapotafuta kwao, huku Moshi na Rombo zikitoka bila taabu. Jirani yake wa Hai anakutana na ukuta mwingine: majedwali hayo hayaingizi kwenye faharasa neno lenye herufi pungufu ya nne. Hai ina tatu. Mbu ina tatu, ada ina tatu, ini ina tatu, VVU ina tatu. Majedwali mapya ya InnoDB hukubali herufi tatu, na Drupal nayo huanzia tatu.

MyISAM ina kanuni nyingine iliyowahi kuwachanganya wengi: katika utafutaji wake wa kawaida, neno linalopatikana katika nusu ya makala au zaidi hupuuzwa lote. Kwenye tovuti ndogo ya habari, “Tanzania” au “serikali” inaweza kufika nusu kwa urahisi, na kadiri unavyoandika zaidi juu ya jambo fulani ndivyo jambo hilo linavyozidi kutopatikana. InnoDB haina kanuni hii. Ukigundua kwamba maneno makubwa ya tovuti yako ndiyo yasiyotoka na yale adimu yanatoka vizuri, mwulize fundi majedwali ni ya aina gani. InnoDB ina faharasa ya aina hii tangu MySQL 5.6, hivyo kuhama kunawezekana. Ukibadilisha urefu wa chini wa neno au orodha ya kupuuzwa, faharasa lazima ijengwe upya, na kwa urefu wa neno seva ya hifadhidata lazima izimwe na kuwashwa kwanza. Bila hivyo mipangilio itasema jambo moja na matokeo jingine.

Nirudi kwenye herufi, kwa sababu kuna herufi moja inayotusumbua sisi kuliko wengine: ritifaa. Ng'ombe, ng'ambo, mang'amung'amu, Ng'wanakilala. Kuna ritifaa iliyonyooka, inayotoka kwenye kibodi ya kompyuta, na kuna iliyopinda, ambayo Microsoft Word huiweka yenyewe unapoandika. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Mwandishi aliyeandika moja kwa moja kwenye tovuti amehifadhi ng'ombe ya kwanza, na aliyenakili kutoka Word amehifadhi ya pili. Msomaji anayetafuta kwa mojawapo anapata nusu ya makala za mifugo.

WordPress inalizidisha hili. Wakati wa kuonyesha ukurasa huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda ili ipendeze, lakini kwenye hifadhidata inaiacha kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo msomaji anaweza kunakili ng’ombe kutoka kwenye makala yako mwenyewe, akaibandika kwenye kisanduku chako mwenyewe, na asiipate makala ile ile aliyoinakili. Drupal hufanya vingine: hugeuza ritifaa yoyote kuwa nafasi, ng'ombe ikawa “ng” na “ombe”, kisha “ng” ikatupwa kwa ufupi wake. Ombe inabaki na utafutaji unafanikiwa. Lakini ng'oa inakatwa ikawa “ng” na “oa”, vyote vifupi, na neno zima linatoweka.

Chagua aina moja ya ritifaa na uifanye sheria ya chumba cha habari. Ningechagua iliyonyooka kwa makala zinazohifadhiwa. Makala za zamani zirekebishwe kwa mkupuo na fundi, baada ya kuhifadhi nakala ya hifadhidata nzima na kuhakikisha nakala hiyo inafunguka. Kisha aongeze mistari michache inayogeuza ritifaa ya msomaji kuwa iliyonyooka kabla swali halijafika kwenye hifadhidata. Kazi hiyo ni ndogo, na wafugaji watakushukuru.

Alama nyingine ya kuitazama ni kistari. Katika WordPress, neno linaloanza na kistari linamaanisha “usiniletee yenye hili”. Msomaji anayeandika “UVIKO-19” yuko salama. Anayeweka nafasi kwa bahati mbaya, “UVIKO -19”, ameuambia mfumo umletee makala zenye UVIKO ambazo hazina 19 popote. Kila makala iliyoandika jina la ugonjwa kikamilifu inaondolewa. Alama za mtajo nazo hubana: zikizunguka “Dar es Salaam”, mfumo unataka maneno matatu yafuatane vile vile. Kama mwandishi alinakili kutoka Word au PDF, kati ya Dar na es panaweza kuwa na nafasi maalumu isiyokatika mstari, inayoonekana kama nafasi ya kawaida na isiyolingana nayo. Mbuni aliyeikoleza herufi ya kwanza peke yake ili ipendeze naye amelikata neno: kwenye hifadhidata, kati ya K na ilimo kuna alama za mtindo, na Kilimo haipatikani. Hii ya mwisho ni ya ukoo wa kwanza hasa, kwani WordPress husoma makala pamoja na alama zake za ndani.

Wasomaji wetu pia huuliza kwa sentensi, kama wanavyouliza dirishani. Ni jambo jema, na ni tovuti zinazopaswa kujifunza kwao. Ila ujue WordPress inavyofanya: maneno ya swali yakizidi tisa, inaacha kuyatafuta moja moja na kuitafuta sentensi nzima kama ilivyo. “Namna ya kupata cheti cha kuzaliwa kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani” ina maneno kumi. Hakuna makala duniani yenye sentensi hiyo hiyo, kwa hiyo jibu ni sifuri. Ondoa “namna ya” yabaki manane, na utafutaji unarudi kufanya kazi. Maandishi hafifu ndani ya kisanduku, “Andika maneno mawili au matatu”, yanatibu sehemu kubwa ya hili bila gharama.

Kuhusu makala mpya zisizoonekana kwenye mifumo ya faharasa, swali ni moja tu: faharasa imezifikia? Drupal huingiza makala kwenye faharasa wakati kazi zake za ratiba zinapoendeshwa, na ikiachwa ilivyo huchukua 100 kwa mkupuo, kila baada ya saa tatu. Ukihamisha makala 5,000 za zamani, itachukua mikupuo 50, yaani zaidi ya siku sita, na kwa tovuti isiyo na wageni wengi ni zaidi ya hapo, kwa sababu ratiba hiyo huamshwa na wageni wenyewe. Ukurasa wa mipangilio ya utafutaji unaonyesha asilimia iliyofikiwa. Utazame kabla ya kumpigia fundi. Kwenye Joomla hakikisha plagini ya maudhui ya utafutaji janja imewashwa, kwani bila hiyo faharasa haipati habari kwamba umeandika kitu.

Nyaraka za PDF ni suala jingine. Mifumo hii, bila nyongeza, haifungui faili kusoma kilichomo, na PDF iliyotokana na kupiga picha karatasi haina hata maandishi ya kusomwa. Matangazo ya ajira, sheria ndogo na ratiba za mitihani yanayowekwa hivyo hayatafutiki. Andika angalau aya tatu za maelezo kwenye ukurasa wenye kiungo cha faili, zenye majina ya kata, vyeo na tarehe. Ni kazi ya robo saa, na kwa tovuti ya serikali naihesabu kuwa sehemu ya huduma.

Kazi yote hii itaongozwa vizuri zaidi na jambo moja ambalo tovuti nyingi hazina: kumbukumbu ya maswali yaliyokosa jibu. Plagini nyingi za utafutaji huitunza ukiwasha mpangilio wake. Isome kila Ijumaa. Utaona kwa macho yako nani anaandika “hosipitali”, nani anatafuta kata ambayo hamjawahi kuitaja, na ni neno gani la mtaani lililoishinda lugha yenu ya ofisi. Orodha ya visawe itajiandika yenyewe kutoka humo. Tunza pia siri za watu. Kwenye kisanduku cha tovuti ya hospitali watu huandika magonjwa yao, namba za simu, wakati mwingine majina kamili. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, na hata zisingekuwepo, mtu aliyekuuliza jambo la mwili wake amekuamini. Zima uhifadhi wa anwani za mitandao, futa kumbukumbu baada ya kuifanyia kazi, na usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Kutoka kwenye kumbukumbu hiyo chagua maswali kumi na mawili hivi yanayorudi mara kwa mara, uyaandike pamoja na ukurasa unaotakiwa kutoka wa kwanza kwa kila moja. Kila mara fundi anapogusa mfumo, anaposasisha plagini au kuhamisha seva, yapitie yote ukiwa kwenye dirisha la faragha, baada ya kusafisha kache, maana ukurasa wa “hakuna kilichopatikana” wenyewe unaweza kuwa umehifadhiwa na kuendelea kutolewa hata baada ya tatizo kuisha. Ukurasa huo nao uandike upya. Kwa sasa pengine una sentensi moja ya Kiingereza iliyokuja na mandhari ya tovuti. Weka Kiswahili, weka viungo vya kurasa tano zinazotafutwa zaidi, weka namba ya simu ya ofisi inayopokelewa kweli saa za kazi, na umwombe msomaji ajaribu wingi wa neno lake au neno fupi zaidi.